Chapa Iliyoishia Katikati

Mimi ni fundi cherehani ninayeogopa sindano. Najua inavyosikika. Kutwa sindano inapanda na kushuka karibu kabisa na kidole changu wala sina habari nayo. Ikishikwa na mtu mwingine, ikaelekezwa kwangu, magoti yananiishia nguvu. Mke wangu huwasimulia hili wateja wakati nawapima viuno, nao hucheka mpaka vipimo vinaharibika.

Siku ninayotaka kuisimulia nilikuwa barazani nashona sare za shule. Redio ilikuwa juu ya kabati la vitambaa, inaongea peke yake kama kawaida yake, nami naisikiliza kwa sikio moja. Kipindi kilikuwa cha afya. Mtangazaji akamuuliza daktari kama ni kweli kwamba tatuu zinaweza kumletea mtu saratani. Mguu wangu ukasimama kwenye pedeli.

Daktari wa redioni alikuwa mtu wa kupima maneno. Alisema wino unaodungwa kwenye ngozi haubaki wote pale ulipodungwa. Mwingine husafiri taratibu ukaenda kutuama kwenye tezi, zile za kwapani na shingoni. Alisema wapo watafiti wanaodhani wameona uhusiano na saratani ya tezi, wapo waliotafuta wasiuone, na jambo lenyewe bado halijathibitishwa.

"Kwa hiyo wasikilizaji wetu wasiwe na hofu?" akauliza mtangazaji.

Daktari akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Wasiwe na hofu, ila wasipuuze uvimbe."

Ule ukimya wake ndio ulionimaliza. Kwa sababu wiki mbili kabla, mke wangu alitoka kuoga, akainua mkono wa kushoto, akaniambia, "Hebu gusa hapa." Kwapani kulikuwa na kitu kama punje ya mbaazi, kigumu, kinateleza chini ya ngozi. Akasema ni mtoki tu, kajikata kidole jikoni kule loji anakopika, utapoa. Mimi nikasema ndiyo, ni mtoki, nikarudi kwenye cherehani yangu. Na kwenye mkono huohuo wa kushoto, juu kidogo, karibu na bega, ana tatuu. Na tatuu hiyo niliitaka mimi.

Siku ile nilishona shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Niieleze hiyo tatuu, maana ni aibu ambayo hata vijana wa mjini wenye simba mgongoni hawajaifikia. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wanne. Wanne tu, lakini shamba letu lilikuwa dogo, kwa hiyo wawili kati yao waliishi kwa rafiki yake kule Baray, kama tulivyozoea sisi kuwekeana mifugo, na ng'ombe anayeishi kwa watu lazima awe na alama ya kwao. Chapa ya baba ilikuwa mduara wenye mistari mitatu chini yake, kama kigoda. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, najifunza ushonaji kwa shingo upande, kichwani nimejaa mashairi. Wenzangu walikuwa wanavishana pete. Mimi nikamwambia msichana niliyempenda, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kubwa, kwamba nataka mimi na yeye tuwe na chapa moja.

"Chapa ya ng'ombe?" akauliza.

"Ya nyumbani kwetu."

"Ya ng'ombe wa nyumbani kwenu."

Lakini alikubali. Mpaka leo akiulizwa kwa nini alikubali, husema wiki ile alikuwa na malaria.

Mchoraji alikuwa kijana wa Kimasai kutoka Nainokanoka aliyekuwa akifanya kazi bucha moja hapa Karatu. Jioni, bucha ikishafungwa, alikuwa akichora watu nyuma ya duka kwa sindano tatu za kushonea zilizofungwa pamoja kwa uzi. Sindano za siku ile zilitoka kwenye kopo langu mwenyewe. Tulipofika akatutazama wote wawili, akauliza, "Nani anaanza?"

"Wanawake kwanza," nikasema, kama muungwana.

Alikaa juu ya kreti ya soda, akanyoosha mkono, hakufumba hata jicho. Mduara, mstari, mstari, mstari. Akamaliza, akaenda dukani kununua soda. Zamu yangu ikafika. Mduara niliuvumilia nikiwa nimeuma kola ya shati. Mchoraji alipogusa ngozi kuanza mstari wa kwanza, nikasimama nikasema nimemsikia mama ananiita. Mama siku hizo alikuwa Mbulu, wilaya nyingine kabisa.

Mke wangu aliporudi na soda nilimwambia sindano zimevunjika. Ndiyo maana kwenye mkono wangu kuna mduara mtupu, na mduara mtupu, nilikuja kuambiwa baadaye, ni chapa ya ukoo mwingine kabisa wa hukohuko Baray. Wageni wakija na kuona mikono yetu mke wangu huwaambia, "Mimi ndiye wa boma hili. Huyu alipotea njia, tunasubiri wenyewe waje kumchukua."

Nilikuwa nacheka naye. Tangu ile redio sikuweza tena kucheka.

Watu wanaonijua wanajua sitoki nyumbani. Cherehani iko hatua saba kutoka kitandani na hatua kumi na moja kutoka jikoni, na maisha yangu nimeyapanga humo katikati. Wazungu wanapanda ndege kuja kuiona kreta, lile shimo la volkano lililojaa wanyama. Mimi naishi jirani nayo na nimeishuka mara moja tu, safari ya shule ya kidato cha pili, na nilichokiona zaidi ni ndani ya mfuko niliokuwa natapikia. Lakini wiki ile nyumba ilinikataa. Nikikaa naona nimekalia kitu. Nikisimama nasahau nilichosimamia. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Nilikwenda kwenye mahindi nikarudi bila kujua nilifuata nini, kuku wakinifuata wakidhani nina chakula. Nikakata kitambaa cha suruali ya mwalimu mmoja, nikakata tena palepale, akapata kaptula.

Na kichwani nilikuwa nafanya hesabu ya kijinga. Mimi nina mduara peke yake. Yeye ana mduara na mistari mitatu. Kwa hiyo yeye amebeba wino kiasi gani kunizidi? Asubuhi moja alikuwa amejilaza kwenye mkeka baada ya zamu ya usiku, mkono uko wazi, nikachukua futi yangu ya kupimia nikainama. Mstari wa kwanza sentimita tatu. Wa pili tatu na nusu.

"Unanishonea nini?" akauliza, macho yamefumbwa.

Nikakosa uongo. Nikamweleza yote: redio, daktari, wino unaosafiri, tezi za kwapani. Nilieleza vibaya, nikaanzia mwisho nikarudi mwanzo. Yeye akafumbua macho akanisikiliza, na nilipomaliza akakaa.

"Kwa hiyo siku zote hizi unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia ni kwa sababu ya hili?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani ni mtoki."

"Mimi ndiye niliyekuambia ni mtoki, fundi. Wewe ulidhani nini?"

Ananiita fundi akiwa amekasirika au akiwa na hofu, na siku hiyo sikuweza kutofautisha. Kisha akainua mkono, akajigusa kwapani, akaacha vidole pale muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kimekua," akasema.

Tukaenda hospitali kesho yake. Daktari alikuwa kijana, mpole, ana saa kubwa kuliko mkono wake. Alimgusa mke wangu kwapani, shingoni, tumboni. Akatuambia tezi huvimba kwa sababu nyingi, nyingi kati ya hizo ni za kawaida, lakini hii imekaa wiki tatu na inaongezeka, kwa hiyo atachukua kipande kidogo kwa sindano kipelekwe mjini kwenye maabara kubwa. Akatoa sindano. Mimi nikatoka nje kutafuta hewa. Kupitia dirishani nilimsikia mke wangu akimwambia, "Usimjali, daktari. Ameitwa na mama yake."

Sikulielewa neno hilo wakati ule. Nililisikia tu.

Niliporudi daktari alikuwa anajaza fomu. "Na hii tatuu ni ya lini? Wino gani ulitumika?"

Tukatazamana. Mke wangu akasema ni ya lini. Wino wa nini, hakuna aliyejua. Daktari akaeleza kwamba watakaopima watapenda kujua, maana wino wa kununua una mambo yake na wa kienyeji una mambo yake. Akasubiri. Kisha akaandika kwenye ile nafasi: *Haujulikani*.

Neno hilo nililipeleka nyumbani likakataa kukaa. Nikishona linashonwa. Nilimdunga mtu niliyempenda kitu ambacho sikujua ni nini, kwa sindano zangu, kwa shairi langu, nami mwenyewe nikakimbia. Mchoraji nilisikia alirudi kwao Nainokanoka zamani, ana duka. Namba yake niliitafuta kwa wauza mbuzi, nikapata mbili, moja haipatikani na nyingine akapokea mama mmoja akaniuliza kama ninauza dawa ya kupe. Siku ya tatu nikamwambia mke wangu, "Naenda."

"Wapi?"

"Nainokanoka."

Akaweka sufuria chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Chukua sweta," akasema. "Na mfuko wa kutapikia."

Nikapanda gari lililokuwa linapeleka unga na sukari juu mlimani. Kwenye lango la hifadhi askari wakaniuliza naenda kufanya nini, nikasema kumtembelea rafiki, na nilijiona mwongo ingawa ilikuwa kweli. Barabara ikapanda ndani ya ukungu. Mfuko niliutumia mara mbili. Dereva, aliyekuwa na huruma, aliniambia nitazame mbali; nikamwuliza mbali ni wapi, maana mbele kulikuwa kweupe kama shuka la hospitali.

Duka lilikuwa la mabati, limezungukwa na punda waliokuwa wanapakiwa magunia. Mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, amejifunga shuka mbili kwa baridi, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Akanitazama, akatazama mkono wangu, na kabla sijasema lolote akanisalimu kwa Kimasai kwa kelele, "Sopa, fundi wa nusu!"

Akanipa chai ya maziwa, akaniketisha juu ya gunia la chumvi, akacheka peke yake muda mrefu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza: "Rafiki yangu, ule wino ulikuwa wa nini?"

"Masizi ya kibatari," akasema mara moja. "Unakwangua kwenye kopo, unachanganya." Akasita. "Na wino wa mhuri kidogo, ili ung'ae."

"Mhuri gani?"

"Ule wa bwana mifugo. Wa kugonga kwenye nyama iliyokaguliwa. Chupa ilikuwa inabaki pale bucha."

Nikakaa na kikombe changu. Nilimpiga mke wangu chapa ya ng'ombe, kwa wino wa nyama. Nilijua tayari atakavyolipokea hilo, na nilijua nitalisikia mpaka siku ya kuzikwa.

"Lakini ule unaliwa!" akasema. "Nyama yote mliyokula Karatu miaka ile ilikuwa nao."

"Tuliudunga, hatukuula."

Nikamweleza ya redio na ya kwapa, safari hii kwa mpangilio. Nilipokuwa nasema, niliona mkono wake wa kulia unaingia taratibu chini ya shuka. Halafu akaufunua mkono wa kushoto akanionyesha: kuanzia kiwiko mpaka begani amejaa michoro, miduara, mikuki, herufi, twiga mwenye miguu mitano. "Nilikuwa najifunzia hapa," akasema. Akaendelea kujipapasa kwapani, huku, halafu kule. "Hiki ni nini? Shika."

Nikashika. "Sijui. Nadhani ni wewe tu."

"Na hiki?"

Mteja akaingia kutaka betri akatukuta wanaume wazima wawili tunapapasana makwapa. Akaomba betri zake akaondoka haraka. Nilikuwa nimekuja kuchukua jibu, na hofu nikawa nimeileta mwenyewe mpaka kwenye duka lake. Nikamwambia yale ya daktari wa redioni, kwamba halijathibitishwa, kwamba asiwe na hofu ila asipuuze. Niliposema niligundua nami nimenyamaza kidogo palepale aliponyamaza yule.

Wakati wa kuondoka akanishika bega. "Mkeo mpaka leo anakucheka kwa kumkimbilia mama?"

"Hajui. Nilimwambia sindano zilivunjika."

Akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Fundi. Nilimwambia siku ileile, uliporudi ndani kuchukua shati lako. Soda yako alinipa mimi."

Nikashuka mlima na hilo tumboni, na kwa mara ya kwanza sikutapika, nafasi haikuwepo. Miaka ishirini na miwili amelala ubavuni mwa uongo wangu na hakuwahi kuugusa. Ananitania kwa mduara, kwa sindano, kwa ng'ombe aliyepotea njia, na neno moja ambalo lingenimaliza alikuwa amelitunza mpaka siku ile ya sindano yake yeye.

Niliingia nyumbani akiwa anachambua maharage. Nikamwambia ya masizi. Nikamwambia ya mhuri wa nyama. Nilitegemea kicheko, akaendelea kuchambua, akatupa changarawe moja, nyingine.

"Na mengine?" akasema.

"Nilikimbia," nikasema. "Sindano hazikuvunjika. Niliogopa, nikakuacha na chapa yote peke yako. Na ulitangulia kwa sababu niliogopa kutangulia."

"Hilo najua."

"Ameniambia kwamba unajua."

"Basi umesafiri mpaka Nainokanoka kujua kitu kilichokuwa jikoni kwako." Akanisogezea sinia. "Chambua. Mikono yako inanitia wasiwasi ikiwa bure."

Nikachambua. Tulichambua maharage wiki mbili nzima tukisubiri majibu, naamini hakukuwa na maharage safi kuliko yetu wilaya yote. Simu ikilia naikimbilia mpaka namkanyaga kuku. Yeye naye alianza: nilimkuta amesimama katikati ya chumba, sahani mkononi, hajui anaipeleka wapi. Nikaichukua ile sahani, sikusema kitu, na sikumtania, na hapo ndipo alipokasirika kweli. "Nitanie," akasema. "Usiponitania najiona nimeshakufa." Nikamwambia basi nimepata mteja wa bucha anataka kujua kama yeye bado ana mhuri. Akanitupia kitambaa cha sahani usoni. Ilitusaidia mpaka jioni.

Majibu yalipofika daktari alifunga mlango, na mimi nikauona mlango unavyofungwa kwa muda wa mwaka. Akasoma. Hakuna seli za saratani. Akarudia, kwa sababu hatukuwa tumejibu. Tezi imevimba kwa kupambana na kitu, labda kile kidonda cha kidole, labda wino, labda vyote. Lakini kuna jambo moja, akasema, na akageuza karatasi: kilichotolewa kina vipande vyeusi. Wino. Umetoka begani ukashuka mpaka kwenye tezi, umekaa humo miaka yote.

"Mweusi?" akauliza mke wangu.

"Mweusi."

Akanigeukia. "Umenipiga chapa mpaka ndani."

"Na huko mbele, daktari?" nikauliza. "Huo wino utafanya nini?"

Akafunga faili. "Ningekuwa najua ningekuambia, mzee. Bado wanatafuta. Uvimbe huu utapungua, tutauangalia. Mrudi baada ya miezi sita, wote wawili." Akaelekeza kalamu kwenye mkono wangu. "Na wewe unao."

"Wangu ni nusu," nikasema.

"Na nyumbani hatuna kitanda cha nusu," mke wangu akasema. "Tutarudi wote."

Ile punje ikapungua, ikawa kama mtama, ikawa kitu ambacho lazima nikitafute ndipo nikione. Nakitafuta kila Jumapili. Yeye huhesabu kwa sauti, akifika kumi ananipiga mkono. Nimerudi kushona mashati yenye mikono miwili tofauti. Lakini kukaa kule nilikokuwa nakaa zamani, kukaa kwa mtu asiyesubiri kitu, hakujarudi. Nikikaa barazani sikio moja liko kwenye redio, na siku hizi siizimi hata kwenye taarabu.

Miezi sita ikaisha. Tukaingia kwa daktari yuleyule, saa ileile kubwa. Juu ya trei alikuwa ameweka sindano mbili, akasema leo atapapasa na kuchukua damu kidogo. Magoti yakaanza kazi yake. Akavaa glovu, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nani anaanza?"

Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Najua nilichokuwa nimezoea kusema. Mke wangu alinitangulia.

"Wanaume kwanza," akasema, na akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akaukunja mguu mbele yake ili asipite mtu.

Nikavua shati. Nikakaa kitandani. Nikakunjua mkono wenye mduara wa watu wa Baray, na daktari akaingiza vidole kwapani. Vikapapasa, vikahama, vikasimama. Akanyamaza kidogo. Nikamtazama mke wangu, na mke wangu alikuwa amesimama.

"Mzee," daktari akasema, "legeza mkono. Umevibana vidole vyangu."